Je, shotigani ya kujipakia yenyewe inaiba nguvu ya marisau?

Nguruwe wakishavamia mihogo katika vijiji vya Kusini Unguja, barazani huwa na kesi mbili: ya nguruwe, na ya bunduki itakayowatoa. Hiyo ya pili ndiyo isiyokwisha. Mzee mmoja atasema hakuna kama mtutu mbili, kwa sababu ukishaifunga imefunga, baruti yote inakwenda mbele. Kijana aliyeona video kwenye simu atamjibu kwamba siku hizi watu wana semi-otomatiki, inapiga tano mfululizo kabla mzee hajafungua mtutu wake kutoa maganda. Mzee anacheka. "Tano, lakini dhaifu. Hiyo inakula baruti yake ipate kujipakia, na makombo ndiyo yanayomfikia nguruwe."

Maneno ya mzee si ya kupuuzwa. Kuna shotigani ambazo kweli huchota sehemu ya moshi wa baruti na kuutumia kwa kazi nyengine. Swali ni huchota wakati gani, kiasi gani, na marisau hupungukiwa na nini. Mabishano mengi hukwama kwa sababu hakuna anayetaja tarakimu.

Tuwekane sawa kwanza. Shotigani, au bunduki ya marisau, haitoi chuma kimoja kama bunduki ya askari. Hutoa punje nyingi ndogo, aghlabu za madini ya risasi, na punje hizo ndizo marisau. Risasi yake nzima ni ganda la plastiki lenye kitako cha shaba. Chini kabisa mna fataki, juu yake baruti, kisha kikombe cha plastiki kinachobeba marisau na kuzuia moshi usipenye kati yao. Shotigani inayoonekana zaidi ni ile ya namba 12, yenye mtutu wa upana wa milimita 18.5 hivi.

Semi-otomatiki ni bunduki inayotumia nguvu ya mlio mmoja kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyengine. Bado kila mlio unataka kidole kivute upya. Ile inayomimina risasi kwa kidole kimoja kilichobana ni otomatiki kamili, jambo jengine kabisa.

Na kasi ziko mbili. Kuna wepesi wa bunduki kupiga tena, na kuna mwendo wa marisau yanapotoka mdomoni mwa mtutu. Kijana wa barazani anasifu ya kwanza, mzee anaiponda ya pili, na kila mmoja anaamini wanazungumzia kitu kimoja. Makala hii ni ya mwendo wa marisau. Kwa risasi za kawaida za namba 12 mwendo huo huwa kati ya mita 360 na 420 kwa sekunde, ikitegemea risasi yenyewe. Tuchukue 400 ili hesabu iwe nyepesi.

Ukivuta kifyatulio, fataki hulipuka na kuiwasha baruti. Baruti ya kisasa hailipuki kwa mara moja kama watu wanavyodhani. Inaungua, lakini kwa haraka ya ajabu, na kugeuka gesi yenye joto kali inayotaka nafasi. Nafasi pekee inayopatikana ni kuyasukuma marisau mbele. Mkandamizo wa gesi hufika kilele marisau yakiwa hayajasogea ila sentimita chache tu. Kwa risasi za kawaida za namba 12, kanuni zinazofuatwa Ulaya haziruhusu kilele hicho kipite baa 740, yaani mara 700 na zaidi ya mkandamizo wa hewa tunayovuta hapa pwani. Kisha unaporomoka, kwani baruti imekwisha kuungua na nafasi iliyo nyuma ya marisau inazidi kurefuka. Yanapofika mdomoni, yaliyobaki ni makumi ya baa tu. Safari yote katika mtutu wa sentimita 70 huchukua kama sehemu 3 za elfu moja ya sekunde.

Anayejua kushua ngalawa atalielewa hili bila kalamu. Kazi yote iko mwanzo, ngalawa imelala mchangani, watu wameinamisha mabega na sauti zinapanda. Ikishaanza kuteleza na zimebaki hatua mbili iguse maji, mtoto mmoja akiondoa mkono wake, ngalawa itaingia baharini vile vile. Angeuondoa pale mwanzo, watu wangemgombeza.

Sasa tuzitazame bunduki zenyewe. Watu huzungumza kana kwamba semi-otomatiki ni moja, kumbe kuna njia tatu kuu za kujipakia, na kati ya hizo ni moja tu inayochota gesi.

Ya zamani zaidi iliyofanikiwa ni ya Mmarekani John Browning, aliyepata hataza yake mwaka 1900. Bunduki hiyo, Auto-5, ilitengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha FN kuanzia miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na aina yake iliendelea kutoka viwandani hadi 1998. Haina tundu lolote kwenye mtutu. Mtutu na boliti, yaani kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, hufungwa pamoja na kurudi nyuma pamoja ndani ya bunduki, umbali unaozidi urefu wa risasi nzima. Huko nyuma boliti hushikwa, mtutu hurudi mbele peke yake na kuliacha ganda tupu, kisha boliti hufuata na risasi mpya. Ukipiga mlio mmoja wa bunduki hii begani unahisi vitu vinatembea ndani kama kuna mtu.

Mtu atauliza: kama mtutu wenyewe unarudi nyuma, si unayavuta marisau? Gesi inayasukuma mbele marisau ya gramu 30 na kitu, na papo hapo inausukuma nyuma mtutu na boliti vyenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Kizito husogea kidogo, chepesi husogea sana. Mpaka marisau yamekwisha kutoka, mtutu umerudi kama sentimita moja na nusu, bado umefungwa na boliti yake. Safari yake ndefu inafanyika marisau yameshakuwa hewani. Mwendo unaopotea, ukilinganisha na bunduki ambayo mtutu wake umetulia, ni mita chache kwa sekunde kati ya 400.

Njia ya pili ndiyo inayomhusu mzee wetu, ya gesi. Mfano wake mashuhuri ni Remington 1100 iliyotoka Marekani mwaka 1963. Upande wa chini wa mtutu, mbali kidogo na chemba, yaani pale risasi inapokaa, hutobolewa tundu moja au zaidi. Marisau yakishalipita, gesi kidogo hupenya, ikasukuma pistoni, pistoni ikasukuma vyuma vinavyofungua boliti.

Hapa ndipo panapotaka hesabu, na haimshindi mtoto wa skuli. Chukua matundu 2, kila moja la upana wa milimita 2. Eneo lao kwa pamoja ni milimita za mraba 6 na kidogo. Eneo la mtutu wenyewe, kwa upana wa milimita 18.5, ni kama milimita za mraba 269. Njia ya mbele inaizidi ile ya pembeni mara 40 na ushei. Halafu matundu hayo hayana kazi mpaka marisau yayapite, na yakiwa sentimita 30 kutoka nyuma, mpaka hapo marisau yameshapata sehemu kubwa ya mwendo wao. Muda uliobaki kabla hayajatoka mdomoni ni kama sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Gesi inayowahi kupenya kwa muda huo ni asilimia chache za gesi yote, nayo ni ile iliyokwisha kuchoka. Ukiipiga hesabu mpaka mwisho, marisau hukosa kama mita 1 kwa sekunde, pengine 2 au 3.

Basi mzee ana haki ya kusema bunduki inachota. Inachota kweli. Lakini risasi mbili za boksi moja, zilizotoka kiwandani siku moja, hutofautiana kwa mita 5 hadi 10 kwa sekunde bila kosa la mtu, na nyengine huzidi hapo. Hasara ya matundu inazama humo ndani isionekane.

Njia ya tatu ni ya Kiitaliano, iliyotiwa umaarufu na Benelli, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1967 kwa ubunifu wa fundi Bruno Civolani. Hii haina tundu wala mtutu unaotembea. Ndani ya boliti mna springi fupi, ngumu sana, kati ya kichwa na kiwiliwili chake. Bunduki ikirushwa nyuma kwa mlio, kiwiliwili cha boliti, kwa uzito wake, kinabaki pale pale kilipo kwa nukta, na springi inabanwa. Ikijifungua inairusha boliti nyuma. Marisau yanapotoka mdomoni, bunduki nzima ya kilo 3 na kitu imesogea milimita 7 au 8 tu, na boliti haijafunguka. Wenye bunduki hizi hupenda kujigamba kwamba zinapiga kwa nguvu kuliko za gesi kwa kuwa hazichoti. Ni ile ile tofauti ya mita 1 au 2 kwa sekunde. Sioni cha kujigambia. Wana haki ya kujisifia usafi, kwa sababu masizi hayaingii ndani kama kwenye za gesi.

Nimejiuliza imani ya mzee ilitoka wapi, maana wazee wa mashamba hawazui mambo hivi hivi. Nadhani jibu liko kwenye gobori. Gobori hupakiwa kwa mdomoni, baruti ikashindiliwa kwa fimbo, na moto huingia kupitia kitundu kidogo kilicho nyuma kabisa. Kitundu hicho kikiliwa na moto kwa miaka, kinapanuka, na kila mlio unatema moto pembeni hadi nyusi za mpigaji zinaungua. Gobori la namna hiyo linadhoofika kweli, na aliyelitumia alijua. Lakini linavujia pale mkandamizo unapozaliwa, wakati uko kileleni, na linaanza kuvuja kabla marisau hayajasogea. Tundu la semi-otomatiki liko mbele, hufunguka mwishoni, na limepimwa kiwandani. Mzee amechukua elimu sahihi ya bunduki moja akaivisha nyengine.

Lipo na teke. Wengi waliopiga mtutu mbili kisha wakapiga ya gesi wanakuapia kwamba ya pili ni dhaifu, bega limewaambia. Bega linasema kweli kuhusu bega. Kwa kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, kinachokwenda mbele hulipwa na kinachorudi nyuma. Marisau yale yale kwa mwendo ule ule hudai msukumo ule ule. Kinachobadilika ni muda wa kuulipa. Mtutu mbili hukupa wote kwa mkupuo mmoja mfupi. Ya gesi hukupa sehemu, kisha boliti inarudi na kugota, kisha inakwenda mbele, na jumla inatawanyika. Bega linapata nafuu, nguruwe hapati. Ukitaka ushahidi mwengine, chukua bunduki mbili za mtutu mbili zenye uzito tofauti, uzipige kwa risasi za boksi moja: nyepesi itakuumiza zaidi, na hakuna atakayesema marisau yake yamekwenda kasi zaidi kwa sababu hiyo.

Auto-5 ina kisa chake hapa. Chini ya mtutu wake mna pete za msuguano zinazopangwa kwa namna moja kwa risasi nyepesi na namna nyengine kwa nzito. Akizipanga vibaya, mtu anapigwa teke la ajabu na bunduki inaanza kuliwa ndani. Atasema bunduki "imepata nguvu". Haikupata chochote, breki tu imeondolewa.

Kuna na watu wanaotegemea debe. Debe la mafuta ya kupikia linawekwa mbali, huyu anapiga kwa yake, yule kwa yake, matundu yanahesabiwa, hukumu inatolewa na jioni imekwisha. Mimi napenda mchezo huo, lakini haupimi mwendo. Unapima jinsi marisau yanavyotawanyika, na hilo hutegemea mno mbano wa mdomo wa mtutu. Umbali nao hupimwa kwa hatua, na hatua za mtu mrefu si za mtu mfupi. Risasi za huyu huwa ni marisau madogo mengi, za yule makubwa machache, kisha lawama inaangushiwa boliti. Mwendo hupimwa kwa kronografu, kifaa chenye vihisio viwili ambavyo marisau huvipita, kikahesabu muda wa kutoka kimoja hadi cha pili. Hata hicho hakifai kwa mlio mmoja mmoja. Zinatakiwa risasi kadhaa za boksi moja kwa kila bunduki, mitutu ya urefu mmoja, kisha ulinganishe wastani. Ukipiga moja moja unaweza kuishia kumsifu mtu kwa sababu ya baruti iliyozidi punje mbili kiwandani.

Sharti la urefu wa mitutu limewapoteza wengi. Mtutu ukiongezeka sentimita 2.5, marisau huongeza mita 1.5 hadi 3 hivi kwa sekunde. Ukilinganisha mtutu mbili ya sentimita 76 na semi-otomatiki ya sentimita 61, ya kwanza itashinda kwa mita 10 au zaidi, na mwenye kutaka kuilaumu gesi atapata anachokitaka.

Halafu tuyafuate marisau huko yanakokwenda. Punje ndogo ya duara ni dhaifu mbele ya upepo. Marisau ya wastani yanayotoka kwa mita 400 kwa sekunde, yakifika mita 40 yamebaki na kama nusu ya mwendo wao. Hewa ya hapo katikati imeyanyang'anya mita karibu 200, nasi tumekesha tukigombania 2. Hizo 2 zenyewe hazifiki zote, kwa sababu kilicho kasi zaidi ndicho hewa inachokibana zaidi. Kwenye mita 40 imebaki kama 1. Msasi aliyesogea hatua tano zaidi kabla ya kuvuta amepata faida ambayo hakuna boliti duniani ingempa.

Kwa hiyo tofauti ya kweli ya semi-otomatiki iko kwenye ile kasi ya kwanza, wingi wa milio kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo inayowahusu polisi wanaotoa vibali, na ndiyo inayowatia wasiwasi watu wa misitu. Paa nunga wa Unguja wamebaki wachache na wanalindwa. Popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwengine popote duniani, walipigwa kwa shotigani miaka ya nyuma hadi wakakaribia kwisha, kabla ya wanakijiji wa mahali kama Kidike kuanza kuwatunza. Kundi la popo waliolala mtini halihitaji marisau yenye mwendo wa kipekee.

Ukiona marisau yako yamekuwa dhaifu kweli, anza na risasi. Zimewekwa wapi, na tangu lini? Ganda la plastiki linastahimili unyevu kuliko yale ya karatasi ya zamani, ambayo katika masika yetu huvimba hata yakakataa kuingia chembani, lakini kitako cha shaba chenye kutu ya kijani kinakuambia unyevu umefika karibu na fataki. Joto nalo lina mchezo wake: risasi zilizoachwa kwenye gari juani huungua kwa mkandamizo mkubwa zaidi kuliko zilizokaa kivulini, na hilo ni la kuepukwa. Mlio ukitoka laini kuliko kawaida, usipige mwengine. Fungua, toa risasi zote, uchungulie mtutu kutoka nyuma, kwani kikombe cha plastiki huweza kukwama humo, na mlio unaofuata utaupasua mtutu.

Mara nyingi semi-otomatiki inayoitwa dhaifu ni ile isiyotoa ganda. Watu huona ganda limekwama na kusema bunduki haina nguvu. Kwenye ya gesi, hewa ya chumvi na masizi huziba matundu na kuipiga kutu pistoni, na hilo ni kawaida kwa bunduki inayokaa nyumba iliyo karibu na pwani bila kupakwa mafuta. Marisau yametoka kwa mwendo wake kamili. Ni mashine ya kujipakia iliyokosa chakula. Kwenye ile ya springi, risasi nyepesi mno au bunduki iliyoegemezwa kwenye shina la mnazi isipate kurudi nyuma itafanya vivyo hivyo.

Limebaki swali ambalo vijana huliuliza kwa sauti ya chini: je, mtu akiyaziba yale matundu kwa makusudi, asipate nguvu yote? Ataongeza mita 1 au 2 kwa sekunde ambazo hata kronografu itazibabaikia. Boliti haitafunguka tena yenyewe, atakuwa akiivuta kwa mkono baada ya kila mlio, huku ameharibu bunduki iliyo kwenye kibali chake, na fundi atakayeletewa aizibue atamuuliza kwanza ilikuwa na kosa gani.